Kijiko cha Sita

Wasia wa mama ulisomwa jikoni, Wethersfield, mwezi wa Februari,
maana sebuleni hapakuwa na moto, na kuni zilikuwa za Eliphalet.
Kisima kilikuwa cha Eliphalet. Ngazi tuliyopandia, vilevile.
Baba alikuwa ameyapanga hayo kabla hajazikwa:
"Mke wangu apewe chumba cha upande wa kaskazini,
njia ya kufika kisimani, matufaha ya mti mmoja,
na theluthi ya mavuno, maadamu hajaolewa."
Mama aliishi ndani ya sentensi hiyo miaka kumi na tisa.

Kwa hiyo hatukutarajia ardhi. Mwanamke huacha kinachobebeka.
Karani alivaa miwani, akakohoa, akasoma:
kwa Keziah, godoro la manyoya ya bata bukini na pazia zake mbili;
kwa Abiel, sufuria ya shaba, ile yenye kiraka;
kwa Ozias, deni lake, limesamehewa, wala asikumbushwe;
kwangu mimi, Zerviah, gurudumu la kusokotea na sketi nyekundu,
"maana ndiye pekee asiyeionea haya."
Na pauni kumi na moja, pesa za vitunguu,
alizochuma kwa magoti udongoni, shilingi juu ya shilingi:
wagawiwe mabinti tu.
Abiel akatazama dari.

Kisha vijiko. Vijiko sita vya fedha, vya harusi,
kila kimoja na herufi tatu mpinini, zimekaa kama mafiga:
ya ukoo juu, ya baba na ya mama chini yake.
Tulijihesabu kimoyomoyo. Tulikuwa watano.

"Na cha sita kwa Quash, mtoto wa Phibba, ili vitimie."

Gogo lilipasuka mekoni. Hakuna aliyegeuka
kumtazama kijana aliyesimama mlangoni na ndoo,
ndoo mkono wa kushoto, kama Ozias,
ambaye mwalimu alimchapa vidole hadi akauacha,
kama baba, ambaye hapakuwa na wa kumchapa.
Nilikuwa nimeliona hilo tangu Quash akitambaa.
Nililiona, nikaendelea kumenya vitunguu,
kazi ambayo machozi yake hayaulizwi sababu.

Karani hakupumua. Palikuwa na mkato tu, halafu:
"na huyo Quash, pamoja na blanketi lake,
namwachia mwanangu Eliphalet."

Mrithi, naye anarithiwa.
Mkono ule ule, wino ule ule haujakauka,
ulimpa kitu, ukamfanya kitu.

Wakadiriaji walikuja Jumatatu na daftari.
Kijiko: shilingi kumi na moja.
Quash: pauni arobaini; ana afya, kikohozi kidogo.
Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Kwenye mizani yao haikuwekwa.
Eliphalet alikichukua kijiko cha sita "akitunze,"
akakifungia kabatini kando ya chake,
na tangu hapo ana viwili.

Phibba hakutajwa tena. Mama alimuuza New London
mwaka ule Quash alipoota meno,
asubuhi, kabla hatujaamka,
na uji siku ile ulipikwa na mama mwenyewe, ukaungua.

Sasa ni zamu yangu kuandika. Vidole vimevimba kwa baridi.
Nina gurudumu, sketi iliyopauka, kijiko kimoja.
Nimekaa na kalamu tangu saa ya maziwa na sijapita jina langu.
Je, mama alitubu? Au alikuwa tu
mwanamke asiyependa seti iliyopungua?

Usiku, watu wakilala, nakichukua kijiko changu
kwa mkono wa kushoto, nijaribu.
Supu inamwagika.